Kaseti ya Kahawa Safi

Mjukuu wangu anapiga video za makampuni. Ndiyo kazi inayomlisha. Kampuni ikitaka kufundisha wafanyakazi wapya namna ya kunawa kabla ya kugusa maziwa, au namna ya kumpokea mteja, inamwita yeye, naye anakwenda na taa zake na kamera yake. Najivuna kwa ajili yake mpaka majirani wamechoka. Lakini siku moja alikaa kwenye kitanda changu hapa Biryogo, Kigali, akaniambia, "Bibi, kazi yangu wewe huwezi kuielewa."

Mtoto huyu alikuwa bado ananyonya, mgongoni kwa mama yake, wakati mimi nimeshaingia kwenye video ya kampuni mara mbili: mara ya kwanza kwa uongo, mara ya pili kwa kweli. Nilipomwambia hivyo akaenda kuninunulia daftari. Shule niliiacha darasa la tatu. Nitaandika kama ninavyosema.

Nilikuwa mchambuaji wa kahawa. Kiwanda chetu kilikuwa kidogo, upande wa Gisozi, ghala moja la mabati na ofisi ya vyumba viwili. Kila asubuhi nilishuka hadi bondeni Kinamba, nikapanda upande wa pili na viazi vyangu vitamu nimevifunga kwenye kitambaa. Ndani kulikuwa na meza ndefu ya mbao, wanawake pande zote mbili, na buni inamwagwa katikati. Mkono wa kushoto unakokota nzuri kuja kwako, zinaanguka kwenye kikapu kilichobanwa magotini. Mkono wa kulia unadonoa mbovu, unatupa kwenye kopo. Asubuhi mpaka saa kumi, mgongo umepinda, macho yako chini.

Mbovu ziko za namna nyingi. Kuna nyeusi kama kinyesi cha mbuzi. Kuna iliyotobolewa na mdudu, tundu lake dogo kama ncha ya sindano. Kuna iliyovunjika, kuna yenye rangi ya kutu. Na kuna ile mbaya kuliko zote, ambayo kwa nje unaweza kuiposa, lakini ukiikwaruza kwa ukucha inanuka siki. Chache tu za hiyo zinaharibu gunia zima. Mimi niliijua kwa vidole kabla ya macho. Nikisema hivi najisifu, na kwa nini nisijisifu? Nilikaa kichwani mwa meza miaka mingi, na kila mwanamke mpya aliwekwa kuumeni kwangu nimfundishe.

Nilikuwa na desturi yangu. Siku ya kwanza mgeni haruhusiwi kugusa buni. Anafumbua mdomo, namtia mbovu moja, namwambia tafuna. Atakunja uso, atatema, atanitukana moyoni. Lakini ulimi wake hautasahau, na mkono unajifunza kwa ulimi. Ndivyo nilivyofundishwa mimi na mama yangu mzazi, naye alifundishwa hivyo hivyo.

Mwaka wa tisini vita vilianza kaskazini, na mwaka hata mwaka wanawake wa huko walizidi kuingia Kigali na magodoro kichwani, wanatafuta kazi yoyote. Bosi wetu aliajiri wengi kwa mara moja, kwa sababu wa zamani wengine walikuwa wamekwenda. Sikuweza kuwaweka wote kuumeni kwangu, mkono wa kuume ni mmoja. Ndipo bosi akarudi siku moja kutoka kwa shemeji yake, aliyefanya kazi kwenye kampuni kubwa mjini, macho yanamng'aa. Kule, alisema, mfanyakazi mpya anakalishwa mbele ya televisheni, anatazama kaseti, kesho yake anajua kazi.

"Mama," akaniambia mbele ya meza nzima, "kaseti haiugui. Haiendi mazishi. Haiombi ruhusa siku ya Idi."

Wanawake wakacheka. Mimi nikaona baridi imenipita kifuani. Kama kaseti itafundisha, mimi nitakuwa nani? Mchambuaji kama mchambuaji yeyote. Bosi hakuwa mjinga, akaona. Akaongeza, "Na ndani ya kaseti atakuwa nani? Ni wewe. Mikono yako, uso wako. Hata wanunuzi wa Ulaya watakuona."

Baridi ile ikayeyuka yote. Hivyo ndivyo nilivyonunuliwa, kwa maneno matupu, wala sikukawia kuuzika.

Sasa muelewe jambo moja. Sisi video tuliijua kwa harusi tu. Mtu mwenye kamera alionekana pale anapopelekwa bibi harusi, akimulika watu na taa yake, na watu wanajiweka sawa. Kwa hiyo bosi aliposema kesho mnapigwa video, hakuna aliyeuliza avae nini. Asubuhi yake wanawake walikuja wamevaa mishanana, vile vitambaa vyepesi vya sherehe vinavyofungwa begani, vya waridi, vya kijani, vya njano kama kiini cha yai. Nywele zimechanwa, mdomo umepakwa rangi. Mmoja amekuja na viatu vya kuazima, vinambana, anatembea kama kuku kwenye umande. Mimi nilivaa gauni langu la Idi na mtandio wenye nyuzi za dhahabu, na marashi sikuyabania.

Jirani yangu wa meza, aliyekaa kushotoni kwangu tangu siku nyingi, alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mwanya, mkristo wa kwenda kanisani kila Jumapili, na ulimi wake ulikuwa hauna breki. Aliponiona akaziba pua.

"Yewe Mswahili!" akasema, maana ndivyo walivyotuita sisi Waislamu wa Biryogo. "Marashi gani haya? Mpaka buni zinapiga chafya!"

"Afadhali marashi," nikamjibu, "kuliko wewe uliyejifunga pazia la sebuleni."

Mpiga video alikuwa kijana wa Kinyarwanda aliyekulia na kujifunza kazi Nairobi, mpole, anazungumza Kiswahili cha kasi kama maji ya bomba. Alikuwa fundi kweli, simkatai. Aliweka taa kwenye miguu mitatu, akapima mwanga kwa kidude, akatundika shuka jeupe kuficha ukuta wenye masizi. Alipotuona tulivyovaa akakuna kichwa, akamtazama bosi. Bosi akasema, "Acha hivyo hivyo. Iko mzuri. Wanunuzi watapenda rangi."

Kisha kijana akainama juu ya buni, akaonyesha zile nyeusi. "Hizi zinachafua picha," akasema. "Wateja wakiziona watafikiri kahawa yenu ni mbaya. Tuziondoe kwanza."

Bosi akakubali. Tukakaa saa nzima kuchambua ili tuje tupigwe picha tukichambua. Ilipobaki buni safi tupu, ya kijani cha majivu, inang'aa chini ya taa, kijana akaniambia, "Haya mama, fanya kazi. Polepole. Usiangalie chini sana, inua uso, tabasamu."

"Nidonoe nini?" nikauliza. "Mbovu hakuna."

"Donoa yoyote. Ni mkono tu tunautaka."

Nilijua. Sitajificha nyuma ya umri wala ya shule. Nilijua palepale kwamba huo si uchambuaji. Lakini taa ilikuwa usoni mwangu, joto lake tamu, na kamera inanitazama mimi peke yangu. Nikainua uso, nikatabasamu, mkono wangu wa kulia ukadonoa buni nzuri moja baada ya nyingine na kuzitupa kwenye kopo la mbovu. Mwishoni bosi akataka tusimame wote mbele ya magunia tupunge mkono, tupunge muda mrefu, yeye katikati na tai yake. Niliona upuuzi, nikapunga vilevile. Jirani yangu akanigeukia, akarudia maneno yake ya chafya, akacheka kichwa kimeelekea nyuma.

Kaseti ilipokuwa tayari ilitiwa muziki wa gitaa na sauti ya mwanamume anayesoma vizuri: mchambuaji anaondoa buni mbovu kwa makini. Bosi akaniazima niende nayo nyumbani siku moja. Kwetu mwenye duka la vitambaa alikuwa na televisheni na deki, na alasiri ile duka lilijaa, wengine wamesimama barabarani wanachungulia juu ya vichwa. Kila nilipotokea watu walipiga vigelegele. Binti yangu akamnyanyua mtoto, "Mtazame bibi yako!" Ndiye huyu anayesema siielewi kazi yake.

Mzee mmoja fundi cherehani, ambaye maisha yake yote hajagusa kahawa ila kwenye kikombe, akakunja macho, akauliza, "Hizo unazotupa zina kasoro gani? Mbona naziona sawa na zile nyingine?"

"Wewe shona suruali," nikamwambia.

Watu wakacheka. Mimi nilicheka kwa sauti kuliko wote, na chai niliyokunywa usiku ule ilikuwa na ladha ya bati.

Wale wanawake wapya wakakalishwa ofisini mbele ya kaseti, asubuhi mbili. Hakuna aliyetiwa buni mdomoni. Bosi alisema desturi ile ilikuwa ya kishamba, na mimi nilinyamaza, kwa sababu nyota wa video hapingani na mwenye video. Wakaja mezani, wakafanya sawasawa na walichoonyeshwa. Niliwaona kwa jicho la pembeni. Uso juu, tabasamu, mkono unadonoa kwa mpigo mzuri, tik, tik, tik, kama wangu kwenye kaseti. Wanadonoa chochote. Nzuri zinakwenda kwenye kopo, nyeusi zinapita kwenda kikapuni. Nikajaribu kuwasahihisha wawili watatu. Mmoja, mama mtu mzima, akaniambia kwa heshima, "Lakini Mama, ndivyo ulivyotuonyesha."

Nikarudi kwenye kikapu changu.

Baada ya siku chache magunia yakarudishwa. Mnunuzi alikuwa amefungua, akaonja, akatema. Bosi alitoka ofisini amevimba shingo. Akawakusanya wale wapya uani, kwenye vumbi la maganda, akasema wamekula muda wake, wameonyeshwa kazi kwenye televisheni kama watu wa Ulaya na bado hawakujifunza, kichwa chao ni kigumu. Kesho wasije.

Hakuna aliyebishana. Ndicho kilichoniuma. Walikuwa watu waliokwisha kufukuzwa mara nyingi, wanajua jinsi inavyofanyika. Yule mama mtu mzima alikunja kitambaa chake cha kichwa mara mbili, akakiweka kwapani. Nilijua alikolala, kibanda cha majani kwenye kambi nje ya mji, na waliokuwa wakimngoja huko. Nilijua pia kwamba nikifumbua mdomo, kaseti yangu imekufa, na kichwa cha meza huenda kikapata mtu mwingine. Nilisimama mlangoni mwa ghala nikiwa na haya yote mawili mikononi.

Jirani yangu wa meza akanisogelea. Hakufanya mzaha. "Mswahili," akasema chini chini, "wewe unajua na mimi najua. Mimi maneno yangu hayana uzito hapa. Ya kwako yanao."

Nikachota kwenye gunia lililorudishwa. Sikuhitaji kutafuta sana. Nikaenda hadi mbele ya bosi, nikamnyooshea kiganja.

"Tafuna," nikamwambia.

"Nini?"

"Tafuna, bosi. Wewe umenunua kahawa miaka yote hii. Tafuna hii moja."

Labda ni kwa sababu sijawahi kumsemesha hivyo. Akaiweka mdomoni. Akauma. Akakunja uso mpaka masikio yakasogea, akatema juu ya viatu vyake, akatema tena.

"Sasa niambie," nikasema, "hii kwenye kaseti iko wapi? Iko dakika gani? Tuliziondoa zote ili picha ipendeze. Hawa wamemuona mwanamke anatupa buni nzuri na kucheka, nao wametupa buni nzuri na kucheka. Wamejifunza vizuri sana. Aliyefundisha vibaya ni mimi. Mtu wa kumfukuza yuko hapa, amevaa kitenge cha buluu."

Bosi akajifuta mdomo kwa leso.

"Ulijua siku ile?" akauliza.

"Nilijua."

"Mbona hukusema?"

"Nilitaka kuonekana," nikamwambia. Ndiyo ilikuwa kweli yote, haina mkia.

Akatazama viatu vyake. "Na mimi nilitaka kuonekana," akasema. Halafu akawaambia wale wanawake warudi ndani wakae, na mimi nikamwite yule kijana wa kamera.

Mara ya pili nilitoa masharti, na kijana wa Nairobi, nimpe haki yake, aliyasikiliza na kuyaandika. Hakuna shuka jeupe. Hakuna nguo ya harusi. Buni ichafuke kama inavyochafuka. Kamera isogee karibu kabisa, mbovu ionekane kubwa kama yai: nyeusi peke yake, yenye tundu peke yake, ya siki ikikwaruzwa kwa ukucha. Aionyeshe pia buni inayotiwa mdomoni. Na nikaongeza la mwisho.

"Nyuso sitaki. Uso ndio uliotudanganya. Piga mikono."

"Hata mwanzoni tu, mama? Watu wanapenda kuona watu."

"Mikono," nikasema.

Tukapiga mikono. Wangu, wa jirani yangu wenye kovu la moto juu ya kidole gumba, na wa yule mama mtu mzima, ambaye alikuwa ameshajifunza. Vita vilikuwa vimefanya kila kitu kuwa adimu, kaseti mpya haikupatikana mjini, kwa hiyo kijana akairekodi juu ya kaseti ileile ya zamani. Ile ya pili ilikuwa fupi. Ukweli haukuhitaji gitaa. Bosi akanipa mimi niitunze, na kila mgeni alipokuja nilimtia buni mdomoni kwanza, ndipo nikamwonyesha kaseti, nikaizima mara mikono inapokwisha na chenga zinapoanza kuruka kwenye kioo. Magunia hayakurudi tena. Na mimi nilibaki kichwani mwa meza, na sasa nilistahili.

Mwaka wa tisini na nne sitauandika katika daftari hili. Anayeujua anaujua, na mjukuu wangu anajua nisichoweza kusema. Kiwanda kiliungua. Waliokaa meza ile, wengi sikuwaona tena. Jirani yangu wa kushoto sikumwona tena. Nyumba yangu niliporudi niliikuta imefagiliwa, sufuria, redio, hata bawaba za mlango. Kaseti waporaji waliiacha sakafuni. Hawakuona ya kuifanyia.

Mwisho wa mwaka ule akaja msichana mrefu, ana mwanya. Alikuwa binti wa jirani yangu, mmoja tu aliyebaki kwao. Alikuwa anazunguka kwa kila mtu aliyemjua mama yake akiuliza jambo moja: kama ana picha. Kwao hakikubaki kitu, hata kipande. Alisema ameanza kusahau jinsi macho ya mama yake yalivyokaa.

Picha ilikuwepo kwenye kaseti ya kwanza, dakika nyingi, mama yake amevaa mshanana wa waridi chini ya taa nzuri. Na mimi ndiye niliyesema nyuso sitaki.

Nikamwambia yote. Nikamwambia nilichonacho ni mikono. "Basi nionyeshe mikono," akasema.

Mwenye duka la vitambaa alikuwa amerudi, na deki yake alikuwa ameizika uani kabla hajakimbia. Akaiwasha kwa jenereta. Tukakaa watatu juu ya marobota. Mikono ikaja, kubwa, kimya. Kovu lilipotokea msichana akaweka kidole juu ya kioo cha televisheni, akakifuata. Hakulia. Mikono ikaisha. Chenga zikaanza. Nikanyoosha mkono nizime kama nilivyozoea, lakini yeye alikuwa bado ameshika kioo, sikuweza kumsukuma. Tukaziacha chenga ziruke.

Halafu gitaa likalia.

Kaseti ya pili ilikuwa fupi kuliko ya kwanza, na kilichozidi hakuna aliyekifuta. Wakatokea wote, wamesimama mbele ya magunia, waridi na kijani na njano, wanapunga. Ule upuuzi wa bosi. Katikati bosi na tai yake. Pembeni mimi na mtandio wangu, na kando yangu yeye, ananigeukia, anasema kitu, anacheka kichwa kimeelekea nyuma, mwanya wote uko nje.

"Rudisha," msichana akasema. Mwenye duka akarudisha. "Rudisha." Akarudisha tena.

Mpaka leo nasema kaseti ya pili ndiyo iliyokuwa sawa. Ningeulizwa tena uani pale ningefanya vilevile. Lakini nilipokuwa nimekaa juu ya robota lile nilishukuru kwamba kazi yangu sikuimaliza vizuri.

Sauti yake haikusikika, gitaa limeifunika. Midomo tu inatembea. Mara ya nne au ya tano msichana akanigeukia.

"Anasema nini?"

"Anasema marashi yangu yamezidi," nikamwambia, "mpaka buni zinapiga chafya."